Spika Zangu Zikae Maua?

Jumatano usiku

Eti maua! Nilichomoa waya wa spika makusudi, ili yule kijana wa Upanga, aliyeitwa na mke wangu aje kununua redio yangu kubwa ya santuri, aikute bubu aondoke zake. Kumbe hajali. "Shikamoo babu. Hata mbovu naichukua, juu ya spika nitaweka maua."

Damu ikanichemka. Nikarudisha waya, nikaweka santuri ya dansi, mpaka mabati yakatetemeka. Pumbavu mimi! Ndiyo kwanza akaitaka zaidi.

Mke wangu akatoka jikoni na upawa mkononi. Nikajua kwisha habari yangu. Akakaa kitako. "Baba Zuhura, hebu geuza upande wa pili."

Kisha akamtazama kijana. "Mwanangu, kumbe bado upo?"