Kiti cha Kushoto

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Barua yako imefika. Sie hapa Temeke tu wazima, na mguu wa bibi yako umepata nafuu.

Umeniuliza kwa nini nakataa kile kiti chakavu cha ngozi kitolewe barazani.

Enzi za Mwingereza nilikuwa fundi kwenye gereji moja Chang'ombe. Mzungu mmoja aliyefiwa na mkewe alituletea gari lake dogo la mashindano, tubadilishe mipira ya maji na ya breki, kisha tulipunguze uzito. Mipira tukabadilisha. Tukatoa mazulia na tairi la akiba, mwisho tukang'oa kiti cha abiria, kushoto.

Gari likabaki limelalia kushoto, kama mtu bado kakaa. Springi tulizikagua, nzima.

Fundi mkuu, Mzee Sefu, akauliza, "Mlipiga hodi kabla ya kukitoa?"

Tukacheka. Yeye hakucheka. Alikisogeza kiti karibu na mlango wa gari akasema taratibu, "Tuwie radhi. Karibu huku."

Gari likainuka polepole, mchana kweupe, nasi tunatazama.

Mwenyewe alipokuja aliliangalia lile pengo, akaondoka na gari. Kiti alituachia, nami nikakichukua nyumbani.

Mie sijui niliona nini. Ila tangu siku ile sijawahi kung'oa kitu cha mtu bila kuomba.

Nawe ulipokuwa mdogo ulipenda kukikalia, daima ukingoni. Nilikuuliza mbona hukai vizuri. Ukanijibu, "Nampisha yule mama."

Babu yako