Godoro Lililorudishwa

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu. Sisi wazima, ila usingizi umetuhama. Mjukuu wako, Hakimu wetu wa miaka sita ambaye hukumu zake hazina rufaa, anaamka saa nane usiku na kuzunguka chumbani mpaka alfajiri. Daktari anasema watoto wengi wenye usonji hupata taabu hiyo. Si ukaidi wake wala si mimi kumdekeza.

Juzi nilisinzia kwenye mashine ya kukata karatasi kiwandani. Msimamizi kaninyang'anya mashine, sasa nafagia. Nisipolala, siipati tena. Lakini hili nitaliweza, utaona.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unanikumbusha umri tu. Acha kuhangaika na madaktari. Nimeshona magodoro miaka arobaini, halijarudishwa hata moja. Nimemshonea Hakimu godoro nene, kitambaa chake kinang'aa utadhani kioo. Rafiki yangu dereva wa lori atalileta Jumamosi. Alilalie siku moja tu, utanishukuru.

Baba yako, fundi

20 Machi

Baba,

Shikamoo, na pole na kazi. Godoro limefika, na nalirudisha kwa dereva yuleyule. Usinune. Hakimu alilikalia, akaziba masikio, na siku tatu hizi analala sakafuni juu ya shuka lake kuukuu la pamba. Kitambaa kile kinachakarika kila akijigeuza. Sisi hatusikii, yeye anasikia.

Nimekuwa nikiandika daftarini jioni zake zinavyokwenda. Taa kali na simu yangu ndizo zilikuwa zikimchangamsha. Sasa kila siku ni saa ileile: kuoga, nguo za kulala, hadithi, taa hafifu. Nimemchorea hatua hizo ukutani, anazifuata mwenyewe. Jana aliamka mara moja tu!

Mwanao

2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Wiki sita nimekaa kimya kwa hasira. Dereva alilishusha godoro mbele ya wateja wangu, mchana kweupe. Nikasema binti yangu ameota mapembe.

Wiki iliyopita nikalilalia mwenyewe, macho nimefumba. Mwanangu, godoro lile linaongea! Miaka arobaini nayashona, sijawahi kuyasikiliza. Nisamehe.

Nimelivua kitambaa. Nieleze shuka lake kuukuu ni la namna gani. Usilitume, asije akalikosa. Nitatafuta pamba kama hiyo, niifue mara nne kwanza. Nitalishonea godoro upya na kulileta mwenyewe. Na niandikie hatua za jioni kwa mpangilio, nisije nikazivuruga. Akiamka nitakuwa naye mimi, wewe ulale.

Baba yako

19 Juni

Baba,

Shikamoo. Ulifika salama? Nyumba imepwaya bila kikohozi chako. Tangu uondoke, Hakimu amelala usiku kucha juu ya godoro lako siku tano kati ya sita. Siku ile moja aliamka, akatazama picha zake, akarudi kitandani bila kuniita. Sisemi tumemaliza, zitakuja siku mbaya, lakini njia tunaijua.

Leo nimechelewa kazini, mara ya kwanza tangu niajiriwe. Msimamizi akauliza kulikoni. Nikamwambia kweli: nilipitiwa na usingizi, tena mtamu. Alinitazama macho, akaingiza mkono mfukoni akanipa ufunguo wa mashine.

Mwanao