Sauti Iliyokwenda Jikoni

Jumanne, 4 Juni 2024

Anyitike ameondoka na Fuso alfajiri, mpunga wa watu magunia themanini, Mbeya halafu Tunduma. Wiki nzima sina mtoto. Kabla hajaondoka amenifungia kisanduku kwenye TV. Kidogo, kama kipande cha sabuni ya kufulia. Ndani yake kuna programu — nyimbo, mahubiri, picha za harusi yake, mpira wa zamani. Vyote vimepangwa kwenye orodha kama wanafunzi mstarini. Hata simu yangu kaiunganisha: nikirekodi kitu kwenye simu, kinajitokeza chenyewe kwenye TV. Nikamwambia sasa umeniletea mpelelezi ndani. Hakucheka. Mtoto huyu alizaliwa mzee.

Akanieleza na habari ya spika, ile nyeusi ya duara aliyomnunulia mke wake. Haina waya. Ni Bluetooth. Ikiwashwa tu, kisanduku kinaijua na kuishika, sauti inahamia huko. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Darasa la nne langu liliishia kwenye kugawanya. Akauliza kama nimeelewa. Nimeelewa, mwanangu. Nusu sikuelewa, na nusu nyingine sikuisikiliza.

Jumatano, 5 Juni

Mchana mbasa na ndizi. Kisa, mke wa Anyitike, anajua kupika samaki, hilo sibishani na mtu. Kaweka sahani kwenye meza ya barazani, kageukia pembeni, kamwambia mbwa: Bosi, chakula cha baba kiko mezani. Mbwa akanitazama, nami nikamtazama.

Mwaka wa nne huu mkamwana wangu ananipa habari kupitia mbwa. Hajawahi kunitazama usoni. Jina langu halijapita kinywani mwake. Nikitokea njiani anaingia migombani hadi nipite. Mchungaji alishasema kumkwepa baba mkwe ni mambo ya zamani, siku hizi watu wasalimiane. Lakini Kisa kalelewa na bibi yake kule Njisi, kafundwa kizamani, hataki kubadili. Nami sikumlazimisha. Nyumbani kuna mwanamke asiyeweza kunijibu! Raha gani nyingine mzee atafute?

Jioni Lameck katuma sauti WhatsApp. Huyu ni fundi cherehani pale Kyela mjini, tunatupiana utani tangu tukiwa na meno yote. Mkwe wake kajifungua mapacha. Anauliza, na wewe Hezroni, bado unahesabu kuku? Nikamjibu kwa sauti. Jibu lilitoka zuri. Nimelirudia mara mbili kitandani, nikacheka peke yangu.

Alhamisi, 6 Juni

Kina mama wa kwaya wamejaa jikoni kwa Kisa. Wanamenya ndizi za kuanika, za wageni wa kanisa Jumapili.

Nikataka kulisikia jibu langu kwenye TV, kwa ukubwa wake. Nikalikuta kwenye orodha, nikabonyeza. Mstari unatembea, sekunde zinahesabika — sauti hakuna. Nikaongeza. Nikaongeza hadi mwisho. Kimya. Nikalirudisha mwanzo. Kimya. Mara ya tatu. Kimya tu. Labda masikio yangu, labda mashine ya kukoboa ya jirani, ilikuwa inanguruma kama ina ugomvi na mpunga. Nikamsonya Anyitike na kisanduku chake, nikazima.

Nilipotazama dirishani nikaona kina mama wametoka nje ya jiko. Visu mikononi. Wote wanautazama mlango wangu. Nikawapungia mkono. Hakuna aliyenipungia.

Nadhani nimevaa shati kinyume.

Ijumaa, 7 Juni

Shati lilikuwa sawa.

Chakula kimekuja, kimefunikwa, moto. Lakini Bosi hakuambiwa kitu. Nimekikuta mwenyewe, nzi wameshazunguka kifuniko.

Saa nne akaja dada yangu Beatrice. Hakukaa. Hakuniamkia. Alikuwamo jana jikoni na kisu chake. Akasimama mlangoni akasema: "Hezroni, sauti yako ilikuwa jikoni."

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama anamweleza mlevi. Kisa aliwasha spika ili kina mama waimbe wakimenya. Wimbo uliotoka kwenye simu yake ukakatika. Nikaingia mimi. Na si kidogo kidogo, spika ilikuwa juu kabisa. Beatrice akanirudishia maneno yangu yote, hakuacha hata kicheko changu. Nayaandika hapa. Mkono hautaki lakini nauambia andika.

Nilisema: Lameck, mkamwana wangu ni mti wa kokoa ulioota pazuri. Majani mengi, kivuli safi, tunda hamna. Mwaka wa nne huu! Nimeshamwambia kijana, mti wa hivyo unaukata, unapanda mwingine.

Kwa nini hamkuzima, nikauliza. Wao hawajui inazimwaje, anayejua ni Kisa. Na Kisa hakuizima. Alisimama na ndizi mkononi, akasikiliza hadi mwisho. Mara tatu. Ilipoisha akaendelea kumenya.

Nikasema basi angekuja kuniambia, baba, sauti yako iko huku! Beatrice akanitazama. Angekujaje? Aingie sebuleni kwako? Akutazame? Heshima niliyokuwa nikiila kama asali ndiyo iliyomfunga.

Kitu kimoja sikumwambia Beatrice. Lile la kukata mti halikuwa utani wote. Krismasi nilimwambia Anyitike kweli. Tulikuwa wawili tu, nilikuwa nimekunywa kidogo, lakini nilijua ninachosema.

Jumamosi, 8 Juni

Nimefanya ujinga juu ya ujinga.

Kumwendea siwezi. Kumwita siwezi. Nikafikiri — kama sauti yangu ilifika jikoni kwa ubaya, ifike tena kwa wema. Nikarekodi msamaha kwenye simu. Wa kwanza ulikuwa na mzaha ndani, nikaufuta. Wa pili uliutetea mdomo wangu, nikaufuta. Wa tatu ulikuwa mfupi. Nikasubiri hadi spika iwake. Nikasikia nyimbo kule jikoni, nikabonyeza.

Kwanza kimya kama juzi. Nikafurahi, maana sasa najua kimya hicho maana yake nini. Halafu TV ikapiga kelele kunitoa roho: MWANANGU NIMEKOSA, MDOMO WANGU NI MCHAFU — kwangu mimi mwenyewe, sebuleni, nilikuwa sijapunguza tangu juzi. Bosi akakimbia. Kumbe Kisa aliposikia nimeanza tu, alizima spika. Sauti ikarudi kwa mwenyewe.

Nilikaa nikaisikiliza hadi mwisho. Ilinistahili.

Saa sita Kisa kaondoka. Nilimwona mgongo tu, begi kichwani, kashika njia ya bodaboda. Katimiza kila kitu: maji ndoo zote, ndizi zimechemshwa, kuku wamefungiwa. Spika kaiacha juu ya meza ya barazani, pale anapowekaga sahani yangu. Beatrice anasema kaenda Njisi kwa bibi yake, na hakusema atarudi lini.

Jumapili, 9 Juni

Kanisani. Kina mama wamenipita kama nguzo ya umeme.

Hao nawastahili. Wabaya ni wanaume. Nje baada ya ibada wananijia wakicheka, wananipiga bega. Mzee Hezroni, panga umeshanoa? Mwingine ananiuliza kama nina miche. Kijana nisiyemjua hata baba yake anamwita Kisa "mti wa kivuli". Mbele yangu!

Nami nikacheka. Naandika kwa aibu. Mdomo ulicheka wenyewe, umezoea, ukiona watu wanacheka unajiunga. Nilifika nusu ya njia ya nyumbani ndipo nikasikia nilichofanya.

Wageni wamekula zile ndizi. Wamesifu sana.

Jumatatu, 10 Juni

Anyitike kapiga kutoka Tunduma. Kisa hakumwambia. Kaambiwa na utingo wa gari jingine, kama kichekesho.

Nikajiandaa kutukanwa. Hakutukana, na heri angetukana. Akauliza kama ni kweli Krismasi nilisema yale, au yeye aliota. Nikasema ni kweli. Akasema Kisa alimuuliza Januari, baba anasemaje kuhusu mtoto, naye akamdanganya kwamba baba hana neno.

Nikaanza kujitetea. Nilisema mwanangu, mzee anataka kuona mjukuu, ni kosa? Huyo mwanamke ungempeleka hospitali —

Akanikatiza. "Baba, hospitali tulienda wote wawili."

Nikasubiri. Kwenye simu nasikia malori tu, na mtu anauza mayai. Akasema mwaka juzi, Mbeya, walipimwa wote, na majibu wakapewa. Kisa ndiye aliyesema yabaki huko huko. Kisha akasema wanaanza kushusha mzigo, akakata.

Majibu hakuniambia. Lakini kama shida ingekuwa ya mkewe, angeniambia hapo hapo, maana ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Nimekaa barazani. Mwaka juzi hadi leo. Shangazi zake wanampa dawa za mizizi, anakunywa. Kina mama wanamwombea kwa jina, anainamisha kichwa. Mimi namwita mti. Na kila mchana mbasa, kipande cha tumbo, kwa sababu anajua meno yangu.

Jumanne, 11 Juni

Lameck katuma sauti. Anataka utani mwingine, anasema ule wa kokoa wateja wake wameupenda. Nikaufuta ule wangu kwenye simu. Ukafutika na kwenye TV. Kwenye vichwa vya watu sijui unafutwaje.

Nimemwomba Beatrice twende wote Njisi, anisemee. Ndivyo ilivyo, mkwe anasemewa. Kakataa. "Ulipomtukana hukunituma mimi."

Nikamwambia siwezi kuongea na mkamwana wangu, nitavunja mila. Akasema mila umeivunja Alhamisi saa tano asubuhi, sasa hivi unaokota vipande tu.

Ya hospitali sikumwambia. Ilifika kwenye ncha ya ulimi. Dada yangu nampenda, lakini ukimwambia yeye umeiambia kwaya.

Jumatano, 12 Juni

Sijatoka. Nimechemsha ndizi mwenyewe, zimeungua chini na mbichi juu. Sijui nimefanyaje.

Nimejaribu kusema maneno yangu kwa sauti, nikitembea uani. Kila nikiyasema yanageuka mzaha. Miaka sabini na moja, na sijui kusema kitu kimoja kikavu.

Alhamisi, 13 Juni

Niko Njisi. Naandika uani kwa Bibi Keziya, bibi yake Kisa, daftari juu ya goti.

Nilikuja na jogoo. Bibi kampokea jogoo vizuri kuliko mimi. Kanipa kigoda, kakigeuza, nikae mgongo ukielekea mlangoni. Kisa yuko ndani, mlango nusu wazi. Bibi kakaa kati yetu, kwenye mkeka, anapepeta mchele. Macho hayaoni tena vizuri, lakini masikio — anasikia hadi unachofikiri.

Nikasema. Kwa migomba iliyo mbele yangu, maana ndiyo niliyokuwa naitazama. Nilisema nilimtukana mtu aliyenilisha. Nilisema ilikuwa ili Lameck acheke, na haikuwa hiyo tu, na lile la kukata nililisema pia Krismasi kwa mdomo wangu. Nilisema Jumapili nilicheka tena. Sikuweka mzaha hata mmoja. Mikono niliikalia.

Ungo wa bibi ulisimama.

Nilidhani atamwambia bibi yake, na bibi aniambie mimi. Au atamwambia jogoo. Nikamsikia nyuma yangu, karibu:

"Tata."

Hivyo tu kwanza. Kwa Kinyakyusa, anavyoitwa baba. Sikuwa naijua sauti yake inavyokuwa ikinielekea. Ni nzito kidogo.

"Tata, mimi nimesamehe. Lakini waliosikia ni tisa, na sasa ni kijiji kizima cha Makwale. Nikirudi, utawaambia huo mti una nini?"

Hajauliza kwa hasira. Kauliza kama mtu anayeuliza njia.

Nikisema nilidanganya, hauna kitu, kesho watauliza, basi matunda yako wapi? Kina mama si wajinga. Watahesabu wenyewe, na hesabu ina watu wawili tu. Nikisema kweli, namvua nguo mwanangu, aliyenificha neno hilo hata kwenye simu. Nikisema ni mapenzi ya Mungu, nimemwacha Kisa palepale nilipomweka, na kivuli chake.

Na bibi yupo. Huyu hajui ya hospitali. Nimemwona usoni, hajui. Kisa hakumwambia hata yeye. Kwa hiyo hata jibu nitakalolitoa hapa limeshakuwa tangazo.

Nikasema, naomba maji ya kunywa.

Bibi kaenda mwenyewe nyuma ya nyumba kuchota, ndipo nimetoa daftari, mkono uwe na kazi. Kisa hajaondoka mlangoni. Nasikia anapumua. Sasa tuko wawili tu, ningeweza kumwambia kwamba najua. Kwamba Anyitike kaniambia, au karibu aniambie. Najua alichokibeba. Kalamu inasema, mdomo hausemi.

Bibi karudi. Nimekunywa polepole. Kikombe kimeisha.

Nimeomba cha pili.