Mke Mwenza wa Mama Yumo Ziwani

Shangazi mpendwa, naomba unisaidie mawazo kabla ya Ijumaa, maana nimekwama na kazini hakuna wa kumwambia. Mimi ni mpimaji wa maji katika ofisi ya uvuvi, na kazi yetu mwaka huu ni kuwatoa ziwani kapu, wale samaki wa kigeni wanene wenye sharubu, ambao wanang'oa majani ya chini, wanachimbua tope na kula mayai ya samaki wetu, hadi nyavu za majirani zinarudi na matope tu, na pale nyumbani kwenye ngazi zinazoshuka majini, ambapo nilipokuwa mdogo niliweza kuliona jiwe la Mama la kufulia kule chini, leo hata kifundo chako cha mguu hukioni.

Sasa Shangazi, tulimtia samaki mmoja kifaa kidogo cha mlio tumboni, tukamshona, tukamrudisha ili atuonyeshe wenzake wanakojikusanya, nami nikavaa hedifoni nikaufuata mlio kwa mashua, ti, ti, ti, nikijiona mjanja, mpaka ukanifikisha kwenye ngazi za baba yangu mzazi, naye ameketi pale na fulana yake, anarusha mkate. Wamejaa pale mamia. Kuna mmoja mkubwa mwenye kovu mgongoni, Mama alimwita "mke mwenzangu" kwa sababu Baba alikaa naye kuliko alivyokaa mezani, na kila asubuhi alimtuma Baba akamsalimie. Mama ana miaka miwili kaburini, na Baba bado anafikisha salamu: "Mwenzio anakusalimu." Na anayemletea mkate mkavu kutoka duka la mikate ni mimi, Shangazi, mimi mwenyewe, mtu wa ofisi ya uvuvi, kwa sababu ndio wakati pekee ninaomsikia akicheka.

Mkubwa wangu alifurahi mno. Amesema Ijumaa tutazungusha wavu pale pale, na nisimwambie mzee kitu, arushe mkate kama kawaida ili waje wote. Nikaitikia "sawa". Tangu siku hiyo Baba akinimiminia chai siwezi kumtazama. Nikimwambia atavunjika moyo, nisipomwambia atakuwa amewaita wavuni yeye mwenyewe, kwa salamu za Mama. Nifanye nini?

Mleta Mkate

*

Mleta Mkate,

Pole, mwanangu. Nilipofika kwenye salamu niliiweka barua chini nikapangusa miwani. Nimeshaivaa tena, kwa hiyo sasa nikukaripie.

Hiyo "sawa" yako, nenda kwa mkubwa wako ukaifute. Leo. Samaki lazima watoke, wewe unalijua hilo kuliko mimi, na usianze kutafuta ujanja wa kumbakiza yule mwenye kovu eti kwa sababu ana jina. Lakini baba yako si chambo! Unajua kumfuata samaki ziwa zima kwa mlio, ila kumfuata baba yako mezani umwambie neno moja, miguu inakuwa mizito?

Unasema atavunjika moyo. Moyo wake ulishavunjika miaka miwili iliyopita, na amekuwa akiushikilia kwa huo mkate wako mkavu. Wala usidhani hajaona maji yalivyoharibika. Mtu anayeketi hapo kila asubuhi aliona kabla ya vipimo vyenu. Mwambie kwenye chai ya jioni, na uanze na kosa lako wewe, la mkate. Mkumbushe jiwe la mama yako, kwamba maji yakitulia huenda akaliona tena. Usimwahidi, sema huenda. Kisha muulize kama atapenda kuwaita mwenyewe Ijumaa, akijua anachofanya, au ashinde kwa jirani. Akikataa yote mawili, ofisi itafute namna nyingine ya kuwavuta, na wa kumweleza mkubwa ni wewe.

Jumamosi ndiyo ninayoihofia zaidi, maana pale ngazini patakuwa kimya. Nunua mkate mpya, wa moto, uketi naye, mle pamoja. Ulimi wake umezoea, utamteleza tu, atayaambia maji, "Mwenzio anakusalimu."

Usimrekebishe. Itikia wewe: "Zimefika, Baba."