Santuri ya Mzee Musembi Iliyokuwa Ndani ya Kwaya

Mzee wetu Douglas Musembi, mwaka umetimia tangu ututoke, na hadi leo mtu akigusa santuri hapa Woolwich kabla ya kunawa mikono, tunakusikia ukifoka.

Ulisukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini miaka ishirini na sita, na kila mgonjwa ulimwita "bosi". Siku za mapumziko zilikuwa za santuri. Zile ndogo za wimbo mmoja ulianza kuzinunua Machakos ukiwa kijana. Albamu ulizikusanya London, watu walipokuwa wakizitupa na kukimbilia kaseti. Siku hizi vijana wanazipigania, nawe ulikuwa ukicheka, "Si niliwaambia?"

Tuseme ukweli, ulikuwa mchoyo wa santuri. Za thamani ulizificha ndani ya majalada ya albamu za kwaya. "Nani ataazima kwaya?" ulimnong'oneza binti yako Mwende peke yake. Humo ndimo ulimoweka ile ndogo uliyorekodi ukimwimbia Mama kabla hamjaoana. Nakala nyingine hatuijui.

Siku yako ya mwisho ulisema kwa taabu, "Yangu... kwaya." Mama akadhani unataka santuri ziende kwa kwaya ya kanisa. Mwezi wa nne akazipeleka zote ukumbi wa kanisa ziuzwe kuichangia kwaya.

Asubuhi ya mauzo Mwende alipiga simu kutoka Wembley, kusalimia tu.

"Zote, Mama?"

"Si ndivyo alivyosema baba yako? Kwaya."

"Mungu wangu! Mama, ni ndani ya kwaya!"

Alitoka mbio na slipa mguuni. Treni ikasimama njiani dakika kumi na mbili nzima, naye akawa anaomba kimoyomoyo. Alipofika ukumbini, meza ilikuwa tupu. Mlangoni alimkuta mzee Mahendra, mzaliwa wa Kisumu, akitoka na mfuko uliojaa albamu za kwaya.

"Samahani, mzee, naomba nitazame humo."

"Nimeshanunua, binti."

"Kuna sauti ya babangu."

Mzee akautua mfuko chini. Jalada la kwanza, kwaya. La pili, kwaya tupu. Kwenye la tano, santuri ndogo ikamtelezea kiganjani, ina jina lako.

"Chukua," mzee akasema. "Mimi niachie kwaya zangu."

Jioni hiyo tuliipiga. Wimbo wako, kama nyingi za wakati ule, ulikatwa katikati, nusu kila upande. Unamwuliza Mama kama atakubali kuwa wako, halafu upande unaisha. Natasha, mjukuu wako, akanyoosha mkono.

"Nigeuze, Susu?" akamwuliza nyanya yake.

"Ngoja kwanza. Ameniuliza."

Mama, aliyekuita Baba Mwende tangu tuanze kupata akili, akaisogelea ile spika.

"Ndiyo, Douglas," akasema. "Hata leo."

Kisha akaigeuza mwenyewe.

Tunaokulilia na kukupenda ni mkeo Lydia, wanao Mwende na Tony, na wajukuu Natasha na Eddie. Hatutakusahau maisha yetu yote.