Mchuzi wa Shuka

4 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mgongo wako umepoa? Sisi huku wazima, baba anakohoa kidogo tu. Ila Bibi si mzima, na sitaki kukuficha. Tangu paa la nyumba yake lianguke tukamleta kwetu, analala ameuelekea ukuta. Nikimpelekea chakula ananiambia, "Weka hapo, mke mwenzangu." Naweka. Baadaye nakiondoa kama kilivyo. Jana alikunywa nusu kikombe cha uji.

Baba anasema niongee naye, eti nimemaliza shule, nina nafasi. Unanijua, Shangazi. Hata dukani nikienda kununua chumvi sauti inakwama. Nakaa naye tu, wote wawili kimya.

Mwanao.

15 Machi

Kimya wangu,

Marahaba. Mgongo ni uleule wa mshona sare, tumeshazoeana. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mama yangu kukataa chakula? Mwezi wa tano nina likizo. Nikikuta hali ni hiyohiyo nitamchukua nije naye huku, karibu na hospitali kubwa. Najua mlivyozoeana, lakini hatuwezi kumtazama akiisha kama sabuni.

Kuongea usijilazimishe. Wewe hukupewa mdomo, ulipewa mikono. Nakutumia kiroba cha vipande vya vitambaa vilivyobaki mezani kwangu. Shona utakacho.

Shangazi yako.

2 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na ahsante, kiroba kimefika salama. Natumaini nawe u salama.

Nilifikiri hivi: kama Bibi anataka kutazama ukuta, basi ukuta uwe na kitu. Nilichukua shuka la zamani nikalishonea jiko lake la kule: mafiga matatu, chungu, kigoda, na yule kuku aliyekuwa haishi kuingia ndani. Nikalitundika wakati mama anamwogesha. Aliporudi kitandani nikakimbilia jikoni.

Akaniita.

"Nani kashona huyu bata?"

"Ni kuku, Bibi."

"Kuku wangu alikuwa mwekundu. Na hakuwa na kitambi."

Kesho yake akasema mafiga yamekaa vibaya, chungu kitamwagika. Keshokutwa ikawa zamu ya kigoda. Nafumua, nashona, nafumua tena. Hajawahi kuniambia maneno mengi hivyo. Lakini chakula bado hakigusi.

Mwanao.

12 Aprili

Kimya wangu,

Sijambo. Nimecheka mpaka msimamizi akanikodolea macho. Mama akikukosoa, ujue bado yupo. Lakini maneno hayashibishi, mwanangu. Tiketi nimeshakata, za kurudi ni mbili. Anza kumpangia nguo. Kitambaa chekundu sina. Sare zetu ni za buluu na kijivu.

Shangazi yako.

27 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya. Nguo za Bibi sijazipanga. Soma kwanza, ndipo ukasirike.

Rangi ya kuku ilikosekana, nikaamua kuipika. Nilimwomba muuza mboga maganda ya vitunguu, nikayachemsha kwenye sufuria kubwa na bizari ya manjano, nikatumbukiza kipande cha shuka jingine. Harufu ikajaa nyumba nzima. Nikatoka uani kuchota maji. Niliporudi, Bibi alikuwa jikoni, mkono mmoja ukutani, mwingine umeshika upawa. Ncha ya shuka ilikuwa inaning'inia mdomoni.

"Mke mwenzangu," akasema, "mchuzi hauna chumvi. Na nyama hii imenishinda."

Nilitaka kuomba radhi, nikajikuta nacheka mpaka nimekaa chini. Akaitoa ile ncha, akaigeuzageuza, naye akaanza kucheka kwa meno yake matano.

"Toa nguo zako motoni," akasema. "Ngoja nikuonyeshe mchuzi."

Akakalia ndoo niliyoipindua, akaniamuru. Kitunguu kikaange taratibu. Nyanya isubiri. Usiwe na pupa kama baba yako. Tulipopakua alimaliza sahani, halafu akaomba ukoko. Mama alitoka nje kulia, akasema ni moshi.

Hiyo ni siku kumi zilizopita. Tangu hapo yeye anapika kwa mdomo, mimi napika kwa mikono, na kila siku anakula. Shuka tumelihamishia jikoni, maana chumbani anaingia kulala tu. Juzi majirani wanne walikuja kuliona. Nilijificha nyuma ya mlango. Wakauliza limeshonwaje, na Bibi akaniita kwa sauti: "Njoo uwaeleze mwenyewe. Mimi nina chakula mdomoni."

Nikatoka. Nikawaeleza, Shangazi, mwanzo mpaka mwisho. Mmoja anataka nimfundishe.

Nimemuuliza Bibi kuhusu safari. Amesema niandike hivihivi alivyotamka: "Mwambie binti yangu aje, na aje na njaa. Kubebwa sitaki, nina kazi. Jiko langu lilikuwa na dirisha, na huyu mtoto hajalishona bado."

Mwanao.