Pasi Ambayo Nestori Hakupewa

Jumapili. Mvua imekatika baada ya adhuhuri lakini mbingu bado imenuna, na upepo wa ziwani unaleta harufu ya dagaa waliolowa kabla ya kukauka. Wanika dagaa wa Kibirizi leo watakuwa wanalia hasara. Mimi silii. Nimejifungia chumbani, na upande wa pili wa ukuta kaka yangu naye amejifungia tangu alasiri.

Mama hasemi nami. Ugali wa leo ameupika wa watu wawili, naye hakunihesabu.

Naandika hapa kwa sababu wengi wanaoisoma blogu hii hawaishi Ujiji. Wa hapa watakaoisoma watakasirika. Wakasirike tu.

Timu ya mpira wa kikapu ya chuo chetu tunaiita Migebuka, jina la samaki wetu. Msimu ulipoanza tuliambiana tutafika Mwanza kwenye fainali. Mzee Maulidi, fundi cherehani wa Buzebazeba na mwenyekiti wetu sisi mashabiki, alikwisha kushona bendera ya safari. Hatukufika Mwanza. Tulifungwa nyumbani, tukafungwa ugenini, tukafungwa na chuo ambacho wachezaji wake walipasha misuli wakiwa na ndala. Ikabaki mechi moja, hapa nyumbani. Tukishinda tunabaki daraja la juu, tukifungwa tunashuka.

Mwishoni kabisa mwa mechi hiyo tulikuwa nyuma kwa pointi moja. Mpira alikuwa nao Shabani, nahodha, kaka yangu tumbo moja. Chini ya kikapu alisimama Nestori, mrefu kuliko wote, peke yake, mikono juu. Aliyekuwa akimkaba alikuwa ameteleza na kuanguka. Uwanja mzima ulimtazama Shabani, maana macho ya watu hufuata mpira. Mimi nilikaa na ngoma yangu nyuma ya kikapu kile, kwa hiyo nilimwona Nestori vizuri.

Shabani hakutoa pasi. Alirusha mwenyewe kutoka mbali. Mpira haukugusa hata chuma.

Tukashuka daraja.

Jioni ile Shabani aliingia jikoni nikiwa napepeta mchele. Aliinama akashika magoti. Alisema jukwaani kulikuwa na bwana kutoka Dar anayechagua vijana wa kuchezea timu za huko, na kwamba tangu asubuhi alikwisha kujiapiza mpira wa mwisho uwe wake. Kisha akasema, "Nilimwona, Sauda. Nilimwona kabisa."

Nilimwambia alale, kesho watu watakuwa wamesahau.

Watu wa mji huu hawasahau mpaka wapate wa kumbebesha.

Nestori ni Mrundi. Mwaka ule mji ulipofurika wakimbizi, watu wakilala uwanjani kabla ya kupakiwa magari ya kwenda kambini, yeye na mama yake na wadogo zake walikuwa miongoni mwao. Shule alimalizia huku, akapata nafasi chuoni kwetu kwa kibali cha kukaa nje ya kambi, akapanga chumba Bangwe. Kibali kilikuwa na muda wake. Kila kilipokaribia kwisha, watu wa ofisini chuoni walimwombea kingine bila maneno, kwa sababu alikuwa mrefu na sisi tulikuwa tunashinda.

Msimu huu hatukushinda.

Jumapili iliyofuata baada ya kushuka tulikutana kwenye baraza ya Mzee Maulidi kama kawaida, kahawa ikipita. Mjadala ulianza kwa adabu. Wengine walimlaumu kocha, wengine viatu, wengine mvua. Halafu Jumanne akafika. Jumanne ni mfanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi, hajasoma chuo chetu wala chuo chochote, lakini sauti yake ndiyo inayofunga mijadala. Akauliza ni nani aliyekosa mitupo miwili ya adhabu katika robo ya nne. Kila mtu alijua ni Nestori. Jumanne akasema mtu aliyezoea kupanga foleni ya unga wa njano wa msaada hawezi kujua njia ya kikapu. Watu wakacheka. Akasema mkimbizi kazi yake imo kwenye jina lake, akimbie, kurusha awaachie wenye nchi. Watu wakacheka mpaka Mzee Maulidi akajichoma sindano.

Akamwigiza anavyoongea. "Reo tutashinda. Reo tutashinda." Mama yake Jumanne ni Mha wa Buhigwe, naye akiongea husema reo. Hakuna aliyemkumbusha, na mimi nikiwamo.

Wakati bado wanacheka, Nestori mwenyewe akatokea.

Sijui alisikia kiasi gani. Alitoa shikamoo kwa wazee, akasimama akingoja apishwe kwenye benchi. Jumanne akatanua miguu ili benchi ijae. Basi Nestori akasimama mbele yetu kama mshitakiwa, na urefu ule haukumwachia pa kujificha. Akasema, "Ndugu zangu, poleni. Ile mitupo miwili nilikosa mimi. Nisameheni."

Hivyo tu. Hakusema kwamba mwishoni alikuwa peke yake. Alimtazama Shabani mara moja. Shabani alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake cha kahawa, na kikombe cha kahawa hakina kina cha kutazamwa muda mrefu namna ile.

Mtu mmoja wa nyuma akamwambia pole zake akawape wenzake kambini. Nestori akaitikia, "Haya," kwa upole, akaondoka.

Katika wiki ile wajumbe wa mashabiki walikwenda chuoni, Jumanne mbele. Wakasema msimu ujao wanataka timu ya wazawa watupu, la sivyo ngoma na bendera zitabaki nyumbani. Mzee Maulidi alikwenda nao, akasema baadaye kwamba alikwenda ili kuwapunguza makali. Sijasikia makali yoyote yaliyopungua. Kibali cha Nestori kilikuwa kinaelekea ukingoni, na safari hii ofisi haikumwombea kingine. Wenyewe walisema hawakukataa, walichelewa tu. Kuchelewa kulitosha. Alirudi kambini kwa gari lililokuwa linapeleka watu, kabla hata ya mitihani. Begi lake la viatu aliliacha kwa mwenye nyumba wake Bangwe, na Jumanne akawahi kusema viatu vile vinafaa kuwa mitumbwi.

Naona nacheka kidogo ninapoandika hilo la mitumbwi. Jumanne anachekesha. Ndiyo maana ni hatari.

Na sisi ni nani hasa? Babu wa babu yangu alivuka ziwa kutoka Kongo, hakuna aliyemwita kuja. Wamanyema wote wa Ujiji tunalijua hilo na tunajivunia, tunalisimulia kwenye harusi. Miaka ikizidi ugeni unageuka ukoo. Nestori tulimtaka ageuke mwenyeji ndani ya msimu mmoja, tena ule wa kufungwa.

Sasa, leo.

Leo kikao kilikuwa cha mipango ya mbele. Mzee Maulidi alileta kitambaa cha jezi mpya, cha kijani. Walizungumza kuhusu kijana wa Bangwe, mtoto wa mvuvi, mrefu na mzawa, atajiunga na chuo mwakani. Walizungumza juu ya kupanda daraja. Kila mtu alikuwa na furaha ya watu waliokwisha kufagia nyumba. Wakampendekeza Shabani aendelee kuwa nahodha, wakamtaka aseme neno.

Kaka yangu akasimama. Nilijua atasema machache, si msemaji. Angeweza kushukuru akakaa. Lakini alisikia kupendwa, nako kupendwa na watu wengi ni kitu kibaya sana kwa mtu mwenye kosa.

Akasema, "Ukweli ni kwamba msimu mzima tulicheza wanne, si watano."

Wakampigia makofi. Jumanne akampiga begani.

Sikupanga kusema. Naapa nilikuwa nimekwenda pale kuchukua gauni la mama lililokuwa linapunguzwa kiuno. Lakini nilijisikia nikisema, tena kwa sauti ya kawaida, kama namwomba chumvi, "Shabani, waambie ulichoniambia jikoni."

Akaniuliza nini.

"Kwamba ulimwona Nestori."

Nikawaeleza wengine mwenyewe. Nikawaambia kuhusu aliyeteleza, mikono iliyokuwa juu, bwana wa Dar jukwaani, kiapo cha asubuhi. Nilieleza yote. Sikumwachia hata pa kushika. Mzee Maulidi alizima cherehani yake, ingawa hakuwa anashona, akamgeukia Shabani.

"Ulimwona, mwanangu?"

"Nilimwona, mzee."

Nilidhani watanyamaza. Nilidhani watakumbuka benchi iliyojaa mguu wa Jumanne, na foleni ya unga, na reo. Nilidhani aibu ingeingia pale barazani, na mwenye aibu angeomba kahawa ili apate cha kufanya na mikono.

Jumanne hakuchukua hata pumzi mpya. Alisema yeye alijua tangu zamani kuwa Shabani ni mchoyo. Wa pembeni akasema naye alijua. Wa nyuma akasema hata wakiwa wadogo Shabani alikuwa anakula mhogo wake amegeukia ukuta. Ghafla kila mtu alikuwa amejua. Walewale, kwa midomo ileile yenye kahawa ileile, wakamgeukia kaka yangu, na nikagundua kwamba Nestori hakuwa amewahi kuwachukiza sana. Walikuwa na njaa tu, naye alikuwa karibu.

Kisha Jumanne akamleta baba.

Baba yetu alivuka kwenda Kalemie tukiwa wadogo akaoa huko, hakurudi. Mji mzima unajua, na kwa miaka yote hii mji mzima ulikuwa na adabu ya kutolitaja mbele yetu. Jumanne akasema, "Mtamlaumu bure. Atajifunzia wapi kugawa, na baba yake aliondoka hata kwaheri hakuwagawia?"

Walicheka kuliko walivyomcheka Nestori. Nilisimama katikati ya kicheko kile na gauni la mama mkononi.

Shabani aliinuka taratibu. Hakunitazama. Kabla hajatoka barazani, mtu alikwisha kukaa mahali pake, na mjadala ulikuwa umehamia kwa nani awe nahodha mpya.

Niliwauliza, "Na Nestori?"

Mzee Maulidi alikuwa anakunja kitambaa cha kijani. Aliniambia bila ubaya wowote, kama anayemwambia mtoto kuwa duka limefungwa, "Yule ameshaondoka, binti yangu. Tuzungumze ya mbele."

Nyumbani habari ilinitangulia. Mama alikuwa mlangoni. Alipokea gauni lake, akasema neno moja tu, kwamba nimemtoa baba yetu kaburini ilhali hata hajafa. Akaingia jikoni kupika ugali wa watu wawili.

Sikuweza kukaa na jambo lile peke yangu. Nikampigia Nestori. Kule kambini mtandao unakuja na kwenda, lakini mara ya tatu alipokea, na nyuma yake nilisikia watoto wakigombea kitu. Nikamweleza nilichofanya. Nilieleza haraka, kwa sauti ya mtu anayeleta zawadi. Nilitaka, sasa nakiri, anishukuru.

Alisogea mbali na kelele za watoto.

"Umewaambia ya nini, dada?" akasema. "Mimi nilikwisha kuondoka. Yeye bado anaishi nao."

Nikamuuliza kama hakumkasirikia Shabani. Akasema alimkasirikia sana, anamkasirikia mpaka leo, lakini hasira yake hakumpa mtu yeyote amshikie. Kisha akaniuliza hali ya mama, kwa heshima, nikasema mzima, na simu ikakatika.

Nimekaa na maneno yake tangu saa ile. Nikiwa mkweli, na kama si hapa nitakuwa mkweli wapi, kuna muda mfupi pale barazani nilifurahi. Ni pale Shabani alipokiri mbele yao kwamba alimwona. Sikuwa namfikiria Nestori wakati ule. Nilikuwa nafikiria makofi aliyopigiwa kaka yangu, na nilitaka kuyaona yakigeuka. Yaligeuka. Kama ningekuwa namtetea Nestori, ningesema siku ile alipokuwa amesimama mbele yetu na benchi imejaa. Siku ile kusema kungemsaidia. Leo kulimsaidia Jumanne tu, alipata cha kuchekea.

Na bado silijutii neno lenyewe. Lilikuwa kweli. Hapo ndipo ninapokwama.

Kule chumbani kwake Shabani amewasha taa. Nasikia kitanda kikilia, nasikia anatembea, anakaa tena. Ugali wake mama aliuweka mlangoni kwake na haujaguswa. Nitatoka, nitauchukua niupashe moto, nimgongee. Akinifukuza nitakaa pale chini mlangoni. Sina cha kumwambia. Nilichokuwa nacho nilikwisha kuwapa wengine.